Ukingo wa Chini wa Picha

Vijana wa ofisi mlinikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, kisha mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukipiga zile video za kukimbiza muda, ambazo ninyi mnaziita taimlapsi. Saa nimeitundika jikoni hapa Manyatta. Inapoteza dakika mbili kila juma, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni tusi, lakini nashukuru. Nitaandika. Msitarajie niwaeleze nilipandishwa cheo lini wala nilianza na mshahara gani. Hayo hayatamsaidia mtu. Nitaandika juu ya kazi, na zaidi juu ya kazi moja ambayo ninyi mnaijua kwa ile video ya ziwa tunayowaonyesha wageni wakija ofisini. Video mnaijua. Yaliyobaki hamyajui, na wengine mkiyajua labda mtataka keki yenu irudishwe.

Nilianza katika studio ya picha mjini Kisumu, msichana kutoka Bunyore aliyejua kufagia na kusoma saa. Aliyenipokea ni Mzee Oyoo, mkuu wa chumba cha giza, mtu mwembamba aliyenuka dawa za kusafishia picha hata kanisani. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya sinia la dawa, akaniambia niitazame karatasi na nisiiguse mpaka mshale wa sekunde uzunguke mara mbili. Nilipoona uso wa mtu umeanza kutokea nilifurahi, nikaitoa mapema. Ilitoka kijivu kama uji wa juzi. Hakunigombeza. Aliipigilia msumari juu ya sinki langu, ikakaa pale mwezi mzima, na kila mteja aliyeingia kuchungulia aliuliza yule bwana mgonjwa ni nani.

Mzee Oyoo alikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha. Negativu zote, yaani filamu zenyewe zinazotolea picha, alizihifadhi katika mikebe ya biskuti, kila mkebe na mwaka wake, na hakuna hata moja iliyotupwa. Aliniambia picha ni ya mteja, lakini negativu ni ya Mungu, sisi tunamtunzia tu. Nilimwona mama mmoja akija kuulizia picha ya marehemu mumewe, miaka kumi na moja baada ya kupigwa. Mzee Oyoo aliingia ndani, nikasikia mikebe ikigongana, akatoka na yule mume kabla chai haijapoa. Mama alikaa kwenye benchi letu akaishika ile negativu dirishani, akimtazama mtu wake akiwa na meno meusi na nywele nyeupe, na hakutaka kuirudisha.

Kamera za kidijitali zilipokuja, chumba cha giza kikafanywa stoo ya viatu. Mzee Oyoo alirudi kwao na hakuishi sana. Mimi nikahamia ofisi yenu, na hapo mjenzi mmoja wa jengo la soko akauliza kama twaweza kumwonyesha jengo zima likipanda kwa dakika moja. Hakuna aliyejua namna ya kufanya hivyo. Nilisema naweza, kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee mezani na nilichoka kuulizwa chai iko wapi.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujapanda ngazi, kaa chini na kalamu. Video hula picha ishirini na tano kwa sekunde moja. Ukipiga picha moja kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili na nusu jioni, siku nzima ya mtu pamoja na jasho lake inakuwa sekunde tatu. Ukitaka miezi iende kwa dakika moja, chagua picha chache za kila siku zenye mwanga unaofanana na uziache nyingine zilale. Msibishane na hesabu hiyo. Yule mjenzi alinuna nilipomwambia mwaka wake utakuwa dakika moja, kana kwamba mimi ndiye niliyeupunguza.

Nguzo iwe ya chuma, imezikwa kwenye zege, si mti, kwa sababu mti hukua na picha yako itapanda nao. Sanduku lisiingize maji. Betri ya pikipiki inatosha ukiiwekea paneli ndogo ya sola. Ndani ya sanduku ning'iniza soksi safi iliyojaa mchele uliokaangwa, inyonye unyevu; watu watacheka mpaka vioo vyao vitakapoota ukungu. Na muwaogope buibui kuliko wezi. Mwizi huchukua mara moja ukajua. Buibui hutandaza wavu mbele ya kioo, nawe unarudi baada ya wiki tatu kukuta umepiga picha elfu moja na mia tano za miguu yake.

Nilikosea mara nyingi. Sondu nilipoteza kamera nzima kwa kumwamini mtu aliyesema mto haujawahi kufika pale. Ulifika. Hapa mjini nilikaa miezi minne nikipiga magugu maji, na video ikaonyesha yakitoka ghubani asubuhi na kurudi alasiri kufuata upepo, kama kifua cha mtu anayepumua. Nilijivuna sana. Mvuvi mmoja aliitazama mpaka mwisho, akasema hilo angenieleza bure.

Niseme pia kwamba kazi hii inatia huzuni, na sijui kwa nini hatuwaambii wanaoanza. Ukiwatazama watu kwa kasi hiyo huoni nyuso wala vicheko. Unaona wanatoka, wanarudi, wanatoka, kisha siku moja hawatoki. Nilipokuwa kijana nilidhani ni uchovu wa macho.

Kazi ninayotaka kuieleza ilikuja miaka ile ziwa lilipopanda. Shirika moja la mazingira, silitaji, lilitaka video ya maji yakila ufuko, likatuachia tutafute mahali. Naibu wa chifu akanipeleka Seme, chini ya Kombewa, kwa mjane aliyeitwa Mama Dorsila. Boma lake lilikuwa pembeni kabisa mwa ziwa: nyumba ya mabati, choo, nguzo ya umeme nje ya ua, boma la ng'ombe lenye hodhi la saruji la kunyweshea, na mbele ya nyumba kaburi la mumewe. Mume alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Kaburi alilijenga mwanawe Ouma, ambaye ni fundi wa mawe, akaliwekea msalaba wa chuma alioupaka rangi ya buluu. Siku hiyo maji yalikuwa hatua sitini kutoka uani.

Mama Dorsila alikataa. Alisema nyumba ya mjane haipigwi picha kila siku kama nyumba ya mbunge. Nilikunywa chai yake, nikasifu nyanya zake, nikaanza kukusanya vyuma vyangu. Ndipo akaniuliza.

"Hiyo kitu yako itaona Mzee?"

Sikumwelewa mpaka aliponyoosha mkono kwenye kaburi. Nilifunga kamera juu ya nguzo yangu kwa muda, nikamsaidia kupanda kigoda, nikamwonyesha kwenye kioo kidogo. Juu kulikuwa na anga, katikati ziwa na ua, na chini upande wa kushoto kaburi na msalaba wake. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ni yeye ile," akasema. "Basi weka. Lakini usimtoe."

Nikamwambia sitamtoa.

Kila wiki tatu nilikwenda kubadilisha kadi na kufuta buibui. Aliniita nyathina, yaani mwanangu, ingawa tulipishana miaka isiyofika ishirini. Kila nilipofika maji yalikuwa yamesogea. Kwanza yalichukua mahindi ya chini, kisha ua, kisha yakaingia boma la ng'ombe na kujaza lile hodhi, na Mama Dorsila akasema miaka yote amelichotea ziwa maji ya ng'ombe, leo limekuja kulipa. Alicheka. Safari iliyofuata nilimkuta amekunja rinda, ameshika jembe, anachimba mfereji kulizunguka kaburi. Maji yalikuwa tayari yanachuruzika kwenye mfereji kutoka chini ya udongo, si kutoka juu. Nilijua mfereji hautasaidia, naye alijua. Nilichukua jembe nikachimba kidogo, mgongo ukanikataa. Baadaye ofisini nilituona wote wawili kwenye picha: tatu za yeye peke yake, moja yangu na yeye, kisha mbili za yeye peke yake.

Watu wa boma walihama kabla ya nyumba kuanguka, wakaenda kukaa kwenye kipande cha shamba la ukoo huko juu karibu na Kombewa. Kaburi lilizama, na baada ya majuma machache msalaba pia. Dhoruba ikaiangusha nguzo yangu. Nilikuta sanduku likielea kati ya mafunjo, kadi nzima ndani, mchele mkavu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Picha ya kamera ni ndefu kwenda juu kuliko video. Ili iingie kwenye video lazima ukate juu au ukate chini, au ule kidogo pande zote mbili. Ninyi kompyuta inawafanyia, hamjui hata kama kuna kilichokatwa. Juu ya picha zangu kulikuwa na mawingu ya Seme, yale ya alasiri yanayopanda meupe kabla ya mvua, na yakikimbizwa yanaonekana kama kitu kinachochemka. Chini kulikuwa na kaburi. Nilikaa na picha hizo siku mbili, nikachagua mawingu. Mniulize kama niliikumbuka ahadi. Niliikumbuka. Nikajiambia picha nzima ziko kwenye diski, Mzee wa watu hajaenda popote.

Video ilipendwa. Wale wa shirika waliionyesha ukumbini na watu wakasimama. Miezi kadhaa baadaye tulipata kazi kubwa ya harusi, siku tatu na kamera tano, diski zikajaa. Nikafungua orodha ya kazi zilizokwisha, nikaona ya Seme, nikafuta picha zote ghafi, zile nzima. Nilikuwa na haraka. Mimi niliyefundishwa na Mzee Oyoo nilibonyeza kitufe kimoja, nikaenda kula mchana.

Wakaja watatu, asubuhi ya siku ya kazi: Mama Dorsila amevaa kitambaa cha kanisani, Ouma, na shemeji yake mama, mzee aliyeitwa Okelo. Ouma ndiye aliyeeleza. Kwa desturi ya ukoo wao, mama hawezi kuzeeka katika boma jipya na mumewe amebaki chini ya maji. Mzee lazima ahame pia. Mwili usipoweza kufukuliwa, huchukuliwa udongo wa kaburi lake, unazikwa boma jipya kwa maombi, na siku ya mama ikifika analazwa kando yake. Mama alikuwa ameanza kuugua moyo. Alitaka hilo lifanywe akiwa hai, alione kwa macho yake.

Taabu ni kwamba hakuna aliyejua tena kaburi liko wapi. Nyumba ilikuwa imeanguka, choo kimeanguka, ua haupo, na mafunjo yanayoelea yalikuja na kwenda yakibadilisha sura ya mahali kila wiki. Walikuwa wamekwenda na mtumbwi. Ouma alionyesha hapa, Mzee Okelo akaonyesha kule, na kati ya kidole cha mmoja na cha mwenziwe paliweza kuingia boma la ng'ombe. Waligombana mpaka mama akawakataza. Ndipo akasema kuna mtu mjini mwenye picha.

Niliwasha video. Ni ya sekunde arobaini. Mzee Okelo alicheka alipoona mawingu yanavyokimbia. Mama Dorsila alisogeza kiti karibu na kioo, akatazama mpaka mwisho, akasema irudishwe. Nikairudisha. Akasema tena. Mara ya tatu aliweka kidole kwenye ukingo wa chini wa picha, pale inapokatika.

"Mzee yuko wapi?"

Nilimweleza kwamba hii imekatwa kidogo ili iingie kwenye video, na picha nzima zipo. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu wa ofisini. Aliuondoa mkono wake kwenye kioo polepole.

"Ulisema hautamtoa."

Niliwaomba wanipe wiki moja. Niligeuza kila diski, kila kadi, hata kompyuta kuukuu iliyokuwa ikitegemeza mlango. Fundi mmoja wa mjini, anayefufua vitu vilivyofutwa, alihangaika siku nne akafufua picha za keki ya harusi tu, kutoka pande zote. Hapo ndipo ningewapigia simu nikasema: nimezifuta, ni makosa yangu, sijui kaburi liko wapi. Ni maneno machache. Nimeyasema mara nyingi tangu wakati huo, peke yangu, jikoni.

Badala yake nilichukua karatasi ya michoro. Nilijua kimo cha nguzo yangu. Kwenye video kulibaki choo, kona ya boma la ng'ombe na ile nguzo ya umeme. Nikapima, nikakadiria, nikachora mistari kwa kalamu nyekundu, na kadiri ilivyopendeza ndivyo nilivyoiamini. Karatasi yenye mistari huheshimiwa, hata na aliyeichora. Nikampigia Ouma nikamwambia nimepata njia. Yeye akasikia nimepata picha. Nilisikia kwamba amesikia hivyo, nikamwacha aamini.

Tulikwenda saa nne asubuhi, jua kali, ziwa limetulia. Mama Dorsila aliketi kwenye kiti cha plastiki ukingoni, mchungaji akasimama nyuma yake. Kwenye mtumbwi tulikuwa Ouma, Mzee Okelo, binamu yao aliyepiga kasia, na mimi na karatasi yangu kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimepanga kuanzia kwenye nguzo ya umeme. Tulipoikaribia niliona imeinama kuelekea ziwani, msingi wake umelegea, na haikuwa imesimama mahali pale ilipokuwa kwenye video. Kwa hivyo mistari yangu yote haikuwa na maana. Nilielewa hilo pale pale, na kuelewa hakukuchukua hata dakika. Mzee Okelo alikuwa ananitazama. Ouma alikuwa ameshavua shati.

"Hapa," nikasema.

Maji yalimfika Ouma kifuani. Alizama mara ya kwanza akaja na tope jeusi kwenye sufuria. Mara ya pili alikaa zaidi, akatoka na kipande cha saruji ukubwa wa mkate. Mzee Okelo akasema asante Yesu, mchungaji akaitikia kutoka ukingoni. Ouma alikigeuzageuza kile kipande, akapitisha kidole gumba pale kilipovunjika, akakiweka chini kwenye mtumbwi. Mimi nililikumbuka hodhi la ng'ombe. Lilikuwa la saruji pia. Nililikumbuka vizuri kabisa, na maji yake, na mama akicheka.

Ukingoni Mama Dorsila hakugusa sufuria kwanza. Alinishika mkono.

"Ni hapo kweli, nyathina?"

"Ni hapo, mama."

"Ero kamano," akasema, asante, kisha akaanza kulia, kilio kirefu cha mtu aliyekiweka akiba.

Udongo ulizikwa boma jipya siku hiyo hiyo. Ouma alijenga kilima kidogo, akakipachika kile kipande cha saruji upande wa kichwani. Mimi nilipewa kuku. Nilirudi naye Manyatta nikashindwa kumchinja. Akakaa uani akitaga mayai ambayo niliwagawia majirani.

Mama Dorsila aliishi mwaka mmoja na miezi michache zaidi. Watu wa Kombewa waliniambia alinawiri, alipanda nyanya, alikuwa akimsalimia Mzee kila asubuhi akitoka na jagi la maji. Alipokufa walinipigia simu kama mtu wa familia. Kwenye mazishi waliniketisha mbele, mchungaji akanitaja kuwa ndiye aliyemrudisha Mzee nyumbani, na watu wakageuka kunitazama kwa upendo. Sijawahi kuaibika hivyo maishani. Nilitamani mtu anitukane. Nilipiga picha za mazishi, zote nzuri, zote ninazo.

Miezi mitano baadaye ziwa likaanza kurudi nyuma. Mnakumbuka, tulifurahi sote, barabara za chini zilikauka. Ouma alinipigia simu asubuhi moja akasema niende Seme. 

Tulishuka pamoja kwa miguu juu ya tope lililopasuka. Kaburi lilikuwa limetoka. Saruji imeota kijani, msalaba umeinama, buluu imebaki kwenye mabega yake tu, lakini kaburi lenyewe zima, hata ufa hakuna. Ouma anajua kazi yake. Hatua arobaini na tatu kutoka pale, nilizihesabu, kulikuwa na hodhi la ng'ombe lililojaa mchanga. Mdomo wake ulikuwa umevunjika mahali pamoja, pengo la ukubwa wa mkate.

Ouma alichuchumaa. Alitoa kisu akaanza kukwangua kijani kwenye saruji, akikwangua taratibu. Kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Madam, ulijua?"

"Nilijua kwamba sijui."

Akakwangua tena. "Mimi nilijua," akasema. "Ile simiti haikuwa yangu. Mimi natumia kokoto ya kuvunja. Ile ilikuwa na mawe ya mviringo, ya mto, ya fundi wa zamani. Nilijua nikiwa bado kwa maji."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Niliangalia mama kwa kiti. Nikaona ameshajitayarisha kulia."

Nilikaa chini kwenye tope na sketi yangu. Nilikuwa nimebeba dhambi hiyo kama yangu peke yangu, na sasa nilipaswa kufurahi kwamba tuko wawili. Sikufurahi. Nilimfanya mtoto wa watu amdanganye mamake kwa uso mkavu mpaka kaburini, kwa sababu ya mawingu. Nilimwambia naomba msamaha. Alisema ameshasamehe, kwa sauti ile mtu anayotumia kumwambia mgeni asivue viatu. Nikamuuliza kama watachukua udongo sasa, udongo wenyewe, waupeleke juu. Akasema amefikiria. Kufanya hivyo ni lazima kuwaambia ukoo kwamba mama amelala karibu na udongo wa ng'ombe, na Mzee Okelo ni mgonjwa, na dada zake wameshalia yakaisha. Tena maji yanaweza kurudi.

Nilistaafu mwisho wa mwaka ule. Mnajiuliza kwa nini sikungoja ule mradi wa bandari. Hiyo ndiyo sababu. Msifute picha ghafi, hata za harusi. Na siku mtakapozifuta, maana mtazifuta, semeni mmezifuta kabla hamjachora mistari.

Ouma hakumwambia mtu. Kila Jumapili baada ya kanisa hupalilia kaburi la mamake na kile kilima kilicho kando yake, watu wakimwona. Kisha huchukua pikipiki akasema anaenda kuangalia shamba la chini. Nusu saa baadaye, huko ufukoni, kama tope limekauka, humpalilia babake.